Tuko Alaska Highway na tela, siku ya 17: tangu tuanze kwenda polepole, betri inakufa saa tisa usiku. Kwa nini?

#1 MzeeWaTela
Wakuu salaam. Mtandao hapa Watson Lake ni wa kunusa, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mimi na mama watoto tulitoka Edmonton tarehe 5 Agosti, pikapu na tela la kulala la futi 21, mtumba wa 2011. Nia ni kuimaliza Alaska Highway mpaka Delta Junction, halafu tutaona. Siku mbili za kwanza nilikimbiza, kilomita 500 na ushei kwa siku, mazoea ya basi (nimeendesha Dar–Mbeya miaka 11 kabla ya kuja kukata nyama Alberta). Tulipofika Fort Nelson mama watoto akazima redio akasema: "Baba Neema, abiria ni mimi peke yangu, na mimi sina haraka." Tokea hapo tunakwenda kilomita 80, 100, ikizidi sana 150, na tukipata mahali pazuri tunalala. Summit Lake usiku mbili, Muncho Lake tatu, Liard tukagoma kabisa, nne, kwa ajili ya yale maji moto.

Raha mno. Ila tangu tupunguze mwendo, betri ya tela inakufa, na inakufa saa tisa usiku. Si saa saba, si saa kumi na moja. Naamshwa na baridi: feni ya heta inazunguka kwa kuburuta miguu, inapuliza hewa baridi, kisha kengele ya gesi inaanza kulia pi... pi... pi kama kifaranga aliyepotezwa. Gesi ipo, mitungi miwili, mmoja haujaguswa. Paneli ya sola ipo juu ya paa, wati 100. Wakati tunakimbia haikutokea hata mara moja.

Wajuvi wa mambo, kwenda polepole kunauaje betri?

#2 Kijiti_Kikavu
Nimekaa siti ya mbele. Karanga ninazo.

#3 FundiVolti
Mkuu, jibu umeshalitoa mwenyewe, ni heta. Watu wanadhani heta ya gesi inakula gesi tu. Moto ni wa gesi, lakini hewa inasukumwa na feni ya volti 12, na hiyo feni inavuta ampia 7 hadi 8. Betri yako bila shaka ni ile ndogo inayokuja na tela, ampia-saa 75 hivi, yaani ikijaa inatoa ampia moja kwa saa 75. Betri ya asidi huruhusiwi kuila zaidi ya nusu.

Na hiyo hewa baridi isikutishe. Ndani ya heta kuna kiswichi kinachosukumwa na upepo wa feni. Feni isipozunguka kwa kasi inayotakiwa, kiswichi hakifungi, na moto hauwaki. Ni usalama huo. Kengele ya gesi nayo hulia volti zikishuka. Kwa hiyo dalili zote tatu ni ugonjwa mmoja: betri tupu. Ukikimbia ulikuwa nyanda za chini, joto. Sasa uko milimani, mwezi wa nane unaisha. Mwendo hauhusiki.

#4 LoriMbili_Winnipeg
FundiVolti, nakuheshimu, ila mwendo unahusika sana. Mimi ni dereva wa lori, nina tela la kulala pia, miaka sita sasa.

Betri ya tela inachajiwa na gari linalovuta, kupitia ule mkia wa pini saba. Waya wa chaji mle ndani ni mwembamba na ni mrefu, kuanzia altaneta huko mbele mpaka ulimi wa tela. Ukipata ampia 6 shukuru Mungu. Akiendesha saa sita kwa siku anarudisha 36. Akiendesha saa moja na nusu anarudisha 9. Akikaa Liard siku nne anarudisha sifuri. Hesabu ya darasa la nne hiyo.

#5 Bint_Pangani
Hamjambo. Mimi umeme sijui, nauliza ya kwangu: shemeji anapika nini huko?

#6 MzeeWaTela
#3 na #4 asanteni, nyote mmeniingia akilini, na hapo ndipo tabu ilipo.

Bint Pangani, tuna unga kilo 20, maharage, mchele, na dagaa wa Mwanza kwenye ndoo yenye kifuniko. Usiku wa kwanza Muncho Lake nilikaanga dagaa nje. Kabla sijageuza upande wa pili akaja mhudumu wa kambi, kijana mpole, ananusa hewani, akaniuliza kwa adabu zote kama kuna kitu kimekufa. Nilipomwonyesha sufuria akasema dubu ana pua kuliko mbwa, niingize kila kitu ndani, hata mafuta yaliyotumika nisimwage chini. Tangu siku hiyo dagaa tunapika ndani, madirisha yamefungwa. Mablanketi yananuka soko la Kirumba.

#7 Kijiti_Kikavu
"Kama kuna kitu kimekufa" 😂😂 Dagaa wetu wamevuka bahari kwenda kudhalilishwa.

#8 Mwas_Toronto
Niaje wasee. Swali mbili. Moja, mimi ni PR (mkaazi wa kudumu) wa Canada na pasipoti ya Kenya, naweza endesha tu hadi Alaska bila visa ya Marekani? Mbili, hii barabara si inaanzia Dawson City, kule kwa dhahabu?

#9 BabuKumbukumbu
Mwas, la pili kwanza. Dawson City iko Yukon, kwenye mto Klondike, hiyo ndiyo ya dhahabu ya 1896 na kuendelea. Barabara inaanzia Dawson Creek, British Columbia, mji mwingine kabisa, na baina yake ni siku kadhaa za kuendesha. Watu wanachanganya kila mwaka. Nguzo ya maili sifuri iko Dawson Creek katikati ya mji.

La kwanza: unahitaji visa. Kadi ya ukaazi wa Canada haikuvushi kuingia Marekani, wanaangalia pasipoti. Kinyume chake ni rahisi: mwenye kadi ya kijani ya Marekani anaingia Canada kwa kadi hiyo na pasipoti yake.

#10 Mwas_Toronto
Aii. Basi mimi naishia Beaver Creek, karibu na mpaka, naangalia Alaska kwa macho kama mtoto nje ya duka la keki. Asante mzee.

#11 Kalemie_Kwetu
Bandugu jambo. Miye niko Saskatoon lakini kwetu ni Kalemie. Ile shida ya betri nilikuwa nayo mwaka jana, njiani kwenda Yukon, njo vile vile: usiku, baridi, pi pi pi. Kila mtu alisema heta, heta. Nikanunua betri mpya. Ikakufa pia.

Siku moja bibi yangu akaniuliza: hii taa ndogo ya kijani chini ya kitanda ni ya nini? Ilikuwa inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Sikuwa nachomeka kitu, lakini ilikuwa imewashwa tangu tutoke nyumbani. Inveta kubwa inakunywa karibu ampia moja hata kama haifanyi kazi. Siku nzima ni 24. Siku ya pili 48. Ukiwa unatembea kila siku hauoni, gari linalipa deni. Ukisimama siku mbili tu deni linakuja kulala nawe.

Mzee, angalia chini ya kitanda.

#12 FundiVolti
Inveta inaongeza, sikatai. Lakini ngoja niweke hesabu mezani. Heta inawaka nusu ya saa katika kila saa moja, ampia 7.5, hiyo ni 3.75 kwa saa. Kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni saa tisa. Jumla karibu 34. Nusu ya betri yake ni 37. Kwishney.

#13 LoriMbili_Winnipeg
Fundi, hesabu zako zinakukana. Yeye anakufa saa tisa usiku, si saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia saa tatu mpaka saa tisa ni saa sita. Mara 3.75 ni 22 na ushei. Ampia-saa 22 haziwezi kuua betri ya 75 iliyojaa. Kwa hiyo haikuwa imejaa alipolala. Turudi kwangu: haichajiwi.

#14 FundiVolti
Au si ya 75 tena. Betri iliyokaa nje baridi za Alberta tangu sijui lini, imeachwa tupu kila msimu wa baridi, ndani imeshaota chumvi nyeupe. Imeandikwa 75, inabeba 40. Nusu ya 40 ni ngapi, LoriMbili? Hesabu ya darasa la nne hiyo.

#15 Kijiti_Kikavu
Eeeh wamerudishiana. Karanga zinakaribia kwisha, tafadhali mtu aende dukani.

#16 Malkia_wa_Sayari
Mimi naona mnamwonea mzee. Ana sola wati 100. Mwezi Agosti huko juu jua linakaa saa 15, 16. Hiyo sola inafanya nini mchana kutwa?

#17 MzeeWaTela
Malkia, kambi nyingi huku ziko ndani ya misonobari. Kivuli kizuri, faragha, kuni za bure ukiingia za serikali ya Yukon (unaweka ada kwenye bahasha, unatumbukiza sandukuni, kuni zimepangwa pale, chukua). Paneli inapata jua la kudokoadokoa.

Kalemie ndugu yangu, nimeinama chini ya kitanda. Kuna inveta. Taa ya kijani INAWAKA. Mama watoto anasema aliiwasha Fort Nelson achaji simu. Fort Nelson!

Nimeizima. Sasa nakwenda kupigilia kibao chetu kwenye ule Msitu wa Vibao, kisha tunasogea. Mbele mtandao hakuna mpaka Teslin au zaidi.

#18 Kalemie_Kwetu
Nilisema. Njo vile.

#19 Bint_Pangani
Msitu wa vibao ndio nini?

#20 BabuKumbukumbu
Mwaka 1942 askari mmoja wa Marekani, Carl Lindley wa Danville, Illinois, alipewa kazi ya kutengeneza nguzo ya kuonyesha njia hapo Watson Lake. Kwa kuwa amekumbuka nyumbani akaongeza kibao cha mji wake na umbali. Wengine wakaiga. Leo vimepita 80,000: vibao vya barabara, namba za magari, masufuria, vifuniko vya vyoo. Unatembea katikati kama shamba la mkonge.

Barabara yenyewe ilijengwa mwaka huo huo, ndani ya miezi minane hivi. Baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, Marekani iliogopa Alaska itakatwa. Na jambo ambalo watu wetu hawaambiwi: ilijengwa na askari weusi.

#21 Mwalimu_Mstaafu
Babu, punguza kidogo. Si yote. Askari walikuwa zaidi ya 10,000, na weusi walikuwa kama theluthi moja, rejimenti za 93, 95 na 97, na kikosi kingine kidogo. Theluthi ni nyingi sana kwa jeshi la wakati ule lililokuwa likiwabagua, haina haja ya kuongezwa.

#22 BabuKumbukumbu
Nakubali kusahihishwa, Mwalimu, theluthi. Lakini wewe mwenyewe unalijua daraja la mto Sikanni Chief.

#23 Mwalimu_Mstaafu
Nalijua. Rejimenti ya 95, Julai 1942. Walikuwa wamenyang'anywa mashine kubwa, wakapewa majembe na misumeno. Wakaweka dau la mishahara yao kwamba daraja litasimama chini ya siku nne, wakaingia mtoni maji yakiwafika kifuani, maji ya barafu hayo, usiku wakifanya kazi kwa taa za malori. Lilisimama ndani ya saa 84. Na mwezi wa kumi, karibu na Beaver Creek, tingatinga la rejimenti ya 97, dereva mweusi, likakutana msituni na tingatinga la rejimenti ya weupe lililotoka upande wa pili. Pale ndipo njia ilipoungana upande wa kaskazini.

Mzee wa Tela ameshapita juu ya Sikanni Chief. Sijui kama alijua.

#24 Kijiti_Kikavu
Alikuwa anakimbiza kilomita 500. Alilijua kama tuta.

#25 Pweza_wa_Maskati
Assalaam aleikum. Nawasoma kutoka Maskati. Mie swali langu si betri. Mtu akienda huko mwezi wa sita, jua halizami, isha anaswali saa ngapi? Na magharibi?

#26 LoriMbili_Winnipeg
Waaleikum salaam. Whitehorse jua linazama, ila linachelewa sana na giza kamili halifiki. Halizami kabisa ukivuka juu zaidi, kama Inuvik. Nilipeleka mzigo Inuvik kwa barabara ya Dempster, kilomita 740 za changarawe, vivuko viwili. Kule zaidi ya siku 50 jua halitui. Na msikiti upo! Ulijengwa hapa kwetu Winnipeg, ukapakiwa kwenye lori ukiwa mzima, kisha ukateremshwa mto Mackenzie juu ya boti bapa, safari nzima kilomita kama 4,000. Ulifika 2010. Ni wa manjano hafifu, mdogo, una mnara. Waumini niliowakuta wanafuata saa za Edmonton.

#27 Pweza_wa_Maskati
Subhanallah, msikiti umesafirishwa kama kontena. Lakini kufuata Edmonton ni rai moja tu, wapo wanaofuata Makka, na wapo wasemao kadiria kwa mji wa karibu wenye usiku na mchana. Babu yangu akisema safari ni kipande cha adhabu, kumbe hakuona ya kukosa usiku.

#28 Malkia_wa_Sayari
Jamani, mleta uzi ana siku tatu kimya. Dagaa zimemponza?

#29 Mwas_Toronto
Dubu alimuuliza kama kuna kitu kimekufa.

#30 LoriMbili_Winnipeg
Utani mzuri, lakini pale Liard alipolala siku nne, mwaka 1997 dubu aliua watu wawili kwenye njia ya maji moto. Siku hizi kambi ina uzio wa umeme. Dawa ya kunyunyiza ya dubu ikae kiunoni, si ndani ya begi ndani ya gari. Na kama unalala kwenye hema, uliza kabla: kuna kambi huko Ziwa Kluane, msimu wa matunda pori, wenye mahema wana masharti yao. Tela lina ukuta angalau.

#31 MzeeWaTela
Nipo hai. Niko Whitehorse. Tulilala njiani mara tatu, mara mbili Teslin, ukipita tu lile daraja refu la Nisutlin. Nilisoma yote mliyoandika nikiwa kwenye foleni ya kufua nguo. Mwalimu, sikujua. Nilisimama Sikanni kununua mafuta, nikalalamika bei, nikaondoka. Mama watoto anasema turudi nako polepole.

Sasa betri. Inveta imezimwa. Usiku wa kwanza: safi, tumelala mpaka asubuhi. Usiku wa pili: safi. Kalemie nikakuombea baraka. Usiku wa tatu, saa tisa na robo: pi... pi... pi...

#32 Kalemie_Kwetu
Haiwezekani.

#33 FundiVolti
Naomba msamaha wa maandishi kutoka kwa waliokataa habari ya betri mbovu.

#34 Tonge_Nyama
Wakuu mnakosea wote. Gesi inaganda! Hata mtungi wangu hapa Njombe ukipigwa na baridi asubuhi moto unakuwa mdogo. Saa tisa ndiyo baridi kali, gesi inagoma, heta inapuliza hewa baridi. Rahisi tu.

#35 FundiVolti
Tonge, mtungi wako una mchanganyiko wenye butani nyingi, hiyo huanza kukataa kuwa mvuke karibu na nyuzi sifuri. Kule kwa mzee ni propani tupu, inaendelea kuchemka mpaka hasi 42. Kwa nyuzi 2 au 3 za Agosti propani hata haijavaa sweta. Na gesi haizungushi feni polepole.

#36 Tonge_Nyama
Sawa kiongozi, nimekaa.

#37 Upepo_wa_Same
Mimi niliwahi kuwa fundi wa mabasi. Mzee, barabara ikoje? Kuna matuta? Mtikisiko?

#38 MzeeWaTela
Matuta si neno. Lami ipo karibu yote, ila kuna vipande vya changarawe wanapotengeneza, na kuna mahali lami inapanda na kushuka kama shuka lililoanikwa. Wanasema mbele, baada ya Destruction Bay mpaka mpakani, ndiyo balaa. Nilidhani Ndundu–Somanga ya zamani ilinifundisha kila kitu.

#39 BabuKumbukumbu
Hiyo ni kwa sababu chini kuna udongo ulioganda miaka na miaka. Askari wa 1942 walikwangua majani na ukoka wa juu kama wanavyotengeneza barabara kwao, jua likaingia, barafu ikayeyuka, malori yakazama. Wakaishia kutandika magogo na kumwaga udongo juu. Mpaka leo ardhi hupumua chini ya lami.

#40 Upepo_wa_Same
Basi mimi naweka la kwangu. Kagua vichwa vya betri, halafu ufuate waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye chesisi. Mtikisiko unalegeza nati, kutu inaingia. Mchana mzigo mdogo, taa zinawaka, unaona kila kitu kizima. Usiku feni ikitaka ampia 8 pale kwenye kutu umeme unasongwa, volti zinaanguka. Betri inaweza kuwa nzima na imejaa kabisa! Nimeona basi likisukumwa na abiria kituo kizima kwa ajili ya nati moja.

#41 LoriMbili_Winnipeg
Hiyo inaeleza kwa nini inveta haikumponya. Lakini haielezi kwa nini usiku mbili za kwanza zilikuwa safi. Nati haikazi yenyewe kwa siku mbili. Chaji iliyokusanyika ndiyo inayokwisha siku ya tatu.

#42 Upepo_wa_Same
Kutu huwa na siku zake, kama mgonjwa wa malaria.

#43 Malkia_wa_Sayari
Na mbona hakuna anayesema kwamba ushahidi wa mzee mwenyewe ni mwembamba? Alikimbia siku mbili. Usiku MBILI tu, na ilikuwa huko chini kwenye joto. Hata sasa usiku mbili za kwanza huwa salama. Labda angekufa hata akikimbia.

#44 Kijiti_Kikavu
Malkia umetupa jiwe gizani na mtu kalia.

#45 MzeeWaTela
Malkia, umeniumiza, lakini ni kweli.

Jana nilifanya hivi. Nimepima kwa mita ya kuazima kwa jirani wa kambi, mzee wa Kijerumani aliyekuja na lori lake lililogeuzwa nyumba. Asubuhi kabla ya jua: volti 11.8, yaani karibu tupu. Nikafungua vichwa vya betri. Kichwa cha hasi kilikuwa na unga wa kijani na mweupe kama magadi, na nati niliizungusha kwa vidole vyangu, bila spana. Nimesugua kwa brashi ya waya na maji ya moto yenye soda ya kuokea, nimekaza. Nimehamisha tela kwenye uwazi ili paneli ione jua. Nimenunua betri mpya kwa sababu duka lipo na mbele halipo. Kisha nikaendesha kutoka Whitehorse mpaka Haines Junction bila kusimama, kilomita 150 na kitu.

Usiku wa jana nyuzi 1. Heta imenguruma mpaka asubuhi. Mita: volti 12.4, chaji bado ipo.

#46 FundiVolti
BETRI MPYA. Ahsanteni, nafunga duka.

#47 Upepo_wa_Same
Nati iliyozungushwa kwa vidole. Nafunga duka mimi.

#48 LoriMbili_Winnipeg
Kilomita 150 bila kusimama, mpo? Soma tena #4.

#49 Malkia_wa_Sayari
Kaihamishia kwenye jua. Nilisema tangu #16.

#50 Kalemie_Kwetu
Na inveta iko imezimwa. Musisahau.

#51 Kijiti_Kikavu
Mzee, umebadilisha vitu vitano kwa mpigo. Hapa umetuachia vita.

#52 Mwalimu_Mstaafu
Kisayansi angerudisha kimoja kimoja. Arudishe betri ya zamani kwenye vichwa safi, alale usiku tatu kivulini, apime kila asubuhi.

#53 MzeeWaTela
Mwalimu, nimemsomea mama watoto pendekezo lako. Amesema majaribio ya baridi nifanye mimi na wewe, yeye atalala hotelini Haines Junction na ufunguo wa ndoo ya dagaa.

Betri ya zamani nimempa Mjerumani. Anasema kwake inashika chaji vizuri tu.

#54 FundiVolti
Eti nini?

#55 Upepo_wa_Same
😂😂😂

#56 Bint_Pangani
Maua ya pinki yale kando ya barabara bado yapo? Niliyaona kwenye picha za mtu mwaka juzi.

#57 MzeeWaTela
Yameshafika juu ya bua na kugeuka pamba, Bint. Wenyeji wanasema yakichanua mpaka kileleni, hesabu wiki sita theluji ije. Jana usiku tulitoka nje saa saba tukaona ukanda wa kijani unatambaa juu ya milima ya Kluane. Mama watoto alidhani ni taa za mji. Hakuna mji upande ule.

Kesho tunasogea ziwani, kilomita 60, labda 70. Mtandao utakatika tena. LoriMbili, chaji ya saa moja inatosha usiku mbili?

#58 LoriMbili_Winnipeg
Haitoshi.

#59 FundiVolti
Na betri mpya? Inatosha.

#60 Mwas_Toronto
Mzee, ukipata muda kabla hujapotea: unga wa ugali huko Whitehorse ulipata?

#61 MzeeWaTela
Nilipata unga wa mahindi wa njano, ugali ukatoka kama sabuni. Wa kwetu umebaki kilo 9. Nimemwambia mama watoto tuongeze mwendo, amecheka.